Barabara ya Banalia: ambreyaji gani kwa pikapu iliyotembea sana?

BANALIA – Kutoka Kisangani mpaka Banalia ni kilometa 128 kwa barabara ya taifa namba 4. Wakati wa jua, pikapu yenye afya inaondoka asubuhi na kufika siku ileile. Wakati wa mvua hakuna shofere anayetoa ahadi. Njia inavuka mto Tshopo, inavuka Lindi, inapita Bengamisa, halafu msitu unafunga pande zote mbili mpaka mto Aruwimi. Wakaaji wanalalamikia mashimo, na wako na haki. Lakini gari la zamani mara nyingi halilazwi na shimo lenyewe. Linalazwa na kile ambacho shofere alifanya kwa mguu wa kushoto ili litoke ndani ya shimo.

Mguu wa kushoto ndio unakanyaga ambreyaji. Kampala na Nairobi wanaiita klachi. Hapa ni ambreyaji, na hata mtu asiyejua kuendesha analijua jina hilo siku injini inapopiga kelele na gari haliendi.

Pikapu ya mama mmoja mfanyabiashara wa Banalia ilifika hapo mwanzoni mwa mvua. Ni Land Cruiser ya milango miwili, injini 1HZ ya mazutu, silinda sita, lita 4.2, bila turbo, bila kompyuta. Injini ya namna hiyo mafundi wa Kisangani wanaipenda juu inatengenezwa kwa funguo na masikio. Mama aliinunua kwa shirika moja la misaada lililokuwa linauza magari yake ya zamani. Siku ile saa ya kilometa ilikuwa imepita laki tatu. Baadaye ikakatika waya, na tangu hapo hakuna anayehesabu. Inashusha mchele na mafuta ya mawese Kisangani, inapandisha chumvi, sabuni, nguo na watu. Kati ya watu hao kuna familia zilizokimbia mzozo wa Lubunga tangu mwaka 2023. Familia ya namna hiyo haipandi na begi moja. Inapanda na godoro, sufuria, bibi, mbuzi kama yuko, na watoto ambao hawalipiwi lakini wako na uzito.

Dalili zilianza mapema, na shofere alizijua. Kwenye mlima mdogo injini ilipanda sauti, mwendo ukabaki pale pale. Pedali ilikamata juu sana, karibu mwisho wa mguu. Halafu ikaja harufu, ile ya kitu kilichoungua ambayo abiria wote wanaisikia na shofere anajifanya hasikii. Walifika Banalia usiku, gia ya kwanza, abiria wakishuka kusukuma.

“Mama, ambreyaji imeisha,” shofere alisema asubuhi.

“Imeisha ama wewe ndiye uliyeimaliza?”

“Sisi wawili, Mama. Na magunia.”

Jibu hilo lilikuwa la haki kuliko mengi yanayotolewa katika garaji.

Kabla ya kununua chochote, mekanisye aliyeitwa kutoka Kisangani alikataa kuamini neno la mtu. Watu wengi wanashusha bwate bure. Gia zikikataa kuingia, pengine ni mafuta ya freni yamekwisha kwenye kopo dogo la ambreyaji, ama silinda ya chini inavuja, na hiyo inatengenezwa bila kufungua kitu kikubwa. Kama kelele inasikika pale pedali inapokanyagwa tu, mara nyingi ni bute. Lakini injini ikikimbia na gari likibaki, hapo ni diski inayoteleza. Fundi aliweka freni ya mkono, akaweka mawe kwenye magurudumu, akaingiza gia ya tatu na kuachia pedali polepole. Injini yenye ambreyaji nzuri inapaswa kuzimika. Hii iliendelea kunguruma, na moshi mwembamba ukatoka chini. Alifanya jaribio hilo mara moja tu. Anayelirudia mara tano ili kuwaonyesha majirani anaua hata kile kidogo kilichobaki.

Halafu akalala chini ya gari na tochi. Mahali injini inapokutana na bwate palikuwa na mafuta meusi. Hapo bei ya kazi ilibadilika, na ni sehemu ambayo wenye gari hawapendi kuisikiliza.

Ambreyaji ni vipande vitatu vinavyofanya kazi pamoja. Kuna diski, yenye ferodo pande mbili, inayosukumana na vola ya injini. Kuna plato, sahani nzito yenye springi inayoibana diski kwenye vola. Kuna bute, rulema inayosukuma vidole vya plato shofere anapokanyaga. Nyuma ya injini kuna mpira mdogo wa kuzuia mafuta, ule mafundi wanaita spi. Spi ikichoka, mafuta yanarushwa juu ya diski, na ferodo yenye mafuta haishiki tena. Mtu anaweza kununua diski nzuri kuliko zote, aifunge juu ya spi inayovuja, na kabla ya mwezi kuisha anarudi garajini akitukana kiwanda.

Sasa mama alikuwa na njia nne mbele yake, na kila njia ilikuwa na mtu wa kuisifu.

Ya kwanza ilikuwa kupigilia ferodo mpya juu ya diski ya zamani. Ni kazi ya mikono inayojulikana tangu zamani, na iliokoa magari mengi wakati piyesi hazikufika. Lakini ferodo ikipigiliwa vibaya inaweza kupasuka injini ikizunguka mara elfu tatu kwa dakika. Tena springi ndogo za katikati ya diski zinabaki zilezile zilizochoka. Kuna jambo lingine lisilosemwa katika garaji: ferodo za zamani zilikuwa na amianti, na vumbi lake linaharibu mapafu. Vijana wanaopuliza vumbi hilo kwa mdomo ama kwa kompresa wangefanya vizuri kulipangusa kwa kitambaa chenye maji.

Ya pili ilikuwa okazyo, ambreyaji nzima iliyotolewa kwenye Land Cruiser iliyogonga. Muuzaji alisema ilitembea kidogo tu. Kila okazyo ilitembea kidogo tu. Diski unaweza kuipima kwa macho: misumari yake iko chini sana ndani ya ferodo, ama imekaribia kutoka juu. Plato haipimiki hivyo. Springi iliyopata moto mkali inafanana na springi nzuri mpaka siku ya kupanda mlima na tani moja nyuma. Alama ndogo zinaonekana kwa anayejua, kama rangi ya bluu kwenye chuma na ncha za vidole zilizoliwa. Kwa gari linalozunguka ndani ya Makiso, okazyo inaweza kuvumilika. Kwa njia ya Banalia, ni kununua pane ya mtu mwingine.

Ya tatu ilikuwa diski mpya peke yake, ya bei nafuu, ndani ya sanduku lenye jina kubwa la Kijapani lililoandikwa kwa herufi moja iliyokosewa. Ya nne ilikuwa seti kamili, diski, plato na bute, ya kiwanda kinachojulikana. Aisin inatengenezea Toyota yenyewe. Exedy ni ya Wajapani pia. Kuna Valeo ya Wafaransa, na Sachs na LuK za Wajerumani. Seti kama hiyo inaagizwa mbali. Wafanyabiashara wa Butembo wanaipata Kampala, kule Kisekka ambako piyesi zinauzwa kama mboga. Inavuka mpaka kwa Mpondwe na Kasindi, halafu inafuata barabara ya Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende mpaka Kisangani, njia ambayo kila msikilizaji wa habari anajua kwa nini lori linaweza kukawia.

Banalia inajua kungoja mizigo. Mwaka 1888 watu wa msafara wa Stanley walioachwa Yambuya karibu mwaka mzima, wakingojea wabebaji walioahidiwa na Tippu Tip, walijikokota mpaka hapa. Mkubwa wao, Meja Barttelot, alipigwa risasi hapahapa Banalia mwezi wa 7, na Stanley alipofika tarehe 17 mwezi wa 8 alikuta masanduku, wagonjwa na makaburi. Mama hakuwa na habari ya Stanley, lakini alikuwa na magunia ya mchele ndani ya depo na wanunuzi waliokwisha kulipa nusu.

Alitoa daftari lake. Kwa hesabu yake, diski ya bei nafuu ilikuwa sawa na faida ya safari moja. Seti kamili ilikuwa sawa na safari nne, bila spi, bila kumlipa fundi. Mpwa wake, kijana anayejua simu, akasema jambo lililo wazi: “Mama mkubwa, nunua ya safari moja. Ikiisha, nunua nyingine. Bado utakuwa umebakisha faida ya safari tatu.”

Hesabu hiyo ni ya uongo, na inadanganya watu wenye akili. Inahesabu chuma na kusahau kazi. Ili kufikia diski ya Land Cruiser ni lazima kutoa karda, kufungua nyaya na vishikizo, kushusha bwate pamoja na kisanduku cha gia za magurudumu manne, mzigo wa watu watatu wenye kamba na kriki, chini ya mwembe, bila mashine ya kuinua. Diski nzuri ama mbaya, kazi ni ileile na malipo ya fundi ni yaleyale. Anayebadilisha diski mara tatu analipa kushusha bwate mara tatu. Na mara ya pili haitatokea chini ya mwembe wa nyumbani. Itatokea kati ya Bengamisa na Aruwimi, usiku, na watu juu. Kwa sababu hiyohiyo haina maana kubadilisha diski na kurudisha bute ya zamani. Bute ni ndogo na bei yake ni ndogo, lakini ikilia mwezi ujao, bwate inashuka tena.

Mpwa hakuchoka. Aliona kwenye simu ambreyaji ya nguvu zaidi, yenye vipande vya shaba na seramiki badala ya ferodo ya kawaida, inayoweza kubeba mara mbili. Shofere alipenda sana. Mekanisye alikataa, na hoja yake inafaa kusikilizwa na kila mwenye pikapu. Diski ya seramiki inakamata kwa ghafula. Ni nzuri kwa mashindano. Kwenye tope, ambapo shofere anahitaji kuachia polepole, gari linaruka kama mbuzi na magurudumu yanachimba. Plato yenye springi kali inafanya pedali kuwa nzito, na silinda za zamani zinaanza kuvuja. Mbaya zaidi, nguvu ambayo ambreyaji inakataa kuiacha iteleze inakwenda kuvunja kitu kingine: jino la gia, karda, ekseli.

“Ambreyaji iko kama fyuzi ya nyumba,” mekanisye alimwambia. “Ukiweka msumari mahali pa fyuzi, taa haitazima. Nyumba ndiyo itaungua.”

Kwa injini 1HZ isiyo na turbo, diski ya kawaida ya kiwanda inatosha kwa uzito ambao gari lenyewe liliruhusiwa kubeba. Kama haitoshi, basi uzito ndio umezidi.

Kilichobaki kilikuwa kipimo, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea bila mtu kudanganywa. Kusema “ya Land Cruiser ya mazutu” hakutoshi. Gari hilo limetengenezwa kwa miaka mingi na injini mbalimbali. Fundi alinakili namba zote kutoka kibao cha chuma kilichopo ndani ya nyumba ya injini: modeli, namba ya shasi. Alipotoa diski ya zamani, aliipima upana, milimita 275, kama ilivyo kawaida kwa 1HZ, akahesabu meno ya tundu la katikati mara mbili, kwa chaki. Diski yenye upana sawa na meno tofauti haina kazi yoyote isipokuwa kupambia ukuta. Picha za vipimo hivyo zilitumwa Butembo kwa simu, na diski ya zamani ikawekwa ndani ya gunia iende Kisangani kulinganishwa ana kwa ana. Wenye pikapu mpya zaidi wawe na uangalifu wa ziada: baadhi yake ziko na vola ya vipande viwili yenye springi ndani, na ikichoka inaweza kugharimu kuliko ambreyaji nzima.

Pesa ya seti haikuwepo. Ilikuwepo zamu ya likelemba. Mama na wenzake wa soko wanachanga kila juma, na mmoja anachukua yote. Zamu yake ilikuwa imefika, lakini ilikuwa na jina la mtu mwingine tayari. Mdogo wake alikimbia Lubunga na watoto wanne, na tangu hapo analala kwenye nyumba ya majani nyuma ya kiwanja. Pesa ile ilikuwa ya manjanja, paa kabla ya mvua kubwa.

Hawakuzungumza mbele ya watu. Shofere aliyekuwa anaosha buloni kando alisikia kidogo tu.

“Yaya, gari likilala, nani atanunua manjanja?”

“Na mvua?”

“Mvua tunaijua.”

Ni rahisi kusema mdogo alikuwa na hekima. Inawezekana pia kwamba mtu anayelala kwenye kiwanja cha dada yake hana nafasi kubwa ya kukataa. Mama alichukua pesa, akaandika deni kwenye daftari, jina la mdogo wake juu kabisa, juu ya wanunuzi wa mchele.

Seti ilifika Kisangani baada ya majuma matatu na siku kadhaa. Mekanisye hakuitoa dukani kabla ya kuifungua. Alitazama maandishi ya sanduku, akalinganisha namba ya sanduku na namba iliyochapwa kwenye chuma. Alishika springi za katikati ya diski kwa vidole.  Alitazama kama misumari yote iko chini ya ferodo kwa kina kimoja. Aliiweka diski juu ya ile ya zamani, tundu kwa tundu. Muuzaji alikasirika kidogo, halafu akaleta kiti.

Vola haikununuliwa mpya. Ilikuwa na alama za moto lakini haikuwa na ufa, na fundi mwenye mashine ya kukereza aliisawazisha uso wake. Hapo mama aliokoa pesa kwa haki. Spi mpya ikaingia kwanza, na rulema ndogo ya katikati ya vola ikabadilishwa. Uso wa plato mpya ulipanguswa kwa petroli, juu kiwanda kinaupaka mafuta ya kuzuia kutu. Ili diski ikae katikati, fundi alitumia kijiti alichochonga mwenyewe, kilichofanana kabisa na mhimili wa bwate. Grisi aliweka kidogo sana kwenye meno, kama mtu anayeonja chumvi.

Kisha akatoa sharti ambalo lilimuuma mama kuliko bei. Diski mpya inahitaji kuzoeana na vola: kilometa 500 mpaka 800 bila kuondoka kwa nguvu na bila mzigo mzito. Kwenda na kurudi Kisangani ni kilometa 256. Kwa hiyo safari tatu na nusu ya mzigo, wakati deni liko na majina mawili.

Kwa shofere sharti lilikuwa jingine. Mguu usikae juu ya pedali kama juu ya mto wa kulalia. Kwenye tope aingize gia za polepole za magurudumu manne kabla ya kuzama, si baada ya kuzama. Na pale kwenye kivuko cha Aruwimi, kutoka kwenye bac na kupanda ukingo, atumie gia hizo hizo, gia ya kwanza, aachie pedali mara moja na kuacha injini ifanye kazi. Kusimama katikati ya mteremko kwa kucheza na ambreyaji ili kusalimia watu kunakula ferodo kuliko safari nzima. Mwezi wa 9 mwaka 2021, wizara ya afya ilipotangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo katika eneo la afya la Banalia, dawa na chanjo zilihitaji magari yanayoweza kupanda kingo kama hizi. Pikapu hizi ni za watu binafsi, lakini zikilala, si mwenyewe peke yake anayekaa njiani.

Safari ya kwanza na ya pili zilikwenda na magunia nusu. Ya tatu, asubuhi, mfanyabiashara mmoja alikuja na magunia kumi zaidi na pesa mkononi, akiongeza bei kila mara shofere alipotikisa kichwa. Mama alikuwa amesimama pembeni na daftari. Alimwomba mfanyabiashara arudi siku ya ine. Halafu akamwonyesha kijana wa gari wapi pa kukaza kamba, juu ya turubai lililotandazwa tupu nyuma, mahali ambapo wakirudi kutoka Kisangani wangepanga manjanja sita, za kuanzia.